Ufunguo wa Mama Mkwe

Alhamisi, tarehe sita Juni. Mawingu tangu alfajiri, upepo wa baridi, mvua haikunyesha.

Siku hiyo fundi umeme wa magari, ambaye gereji nzima ilimwita Waya kwa wembamba wake, aliletewa gari na mama mkwe wake. Taa moja ya breki ilikuwa imekufa. Mama aliendesha mwenyewe, akaegesha vizuri, akaketi na wateja wengine kwenye benchi, mkoba mapajani. Waya akautia ufunguo wa gari kwenye pete ya funguo zake, kama alivyozoea, za wateja zisije zikapotea.

Taa ilipona. Alipowasha gari, likanguruma kidogo, likazima. Kwenye dashibodi alama nyekundu ya ufunguo ikawa inawaka na kuzimika.

"Mama, huu ufunguo umeufua," alisema bila kupunguza sauti. "Ndani mna chipu. Gari lisipoitambua, haliwaki. Umeuacha kwenye nguo, ukaingia nao kwenye beseni."

"Sikuufua, mwanangu. Si nimekuja nalo likiwaka?"

"Chipu ikilowa hufa polepole. Hebu kumbuka vizuri."

Fundi rangi alichomoza kichwa nyuma ya mlango aliokuwa akiupiga msasa. "Mama, ulitumia sabuni ya unga au ya kipande?"

Benchi zima likacheka. Waya naye akacheka.

Mama alifungua mkoba, akaufunga. Tangu asahau sufuria jikoni mpaka ikaungua, watoto wake walikuwa wakinong'ona kwamba aachishwe kuendesha. Waya aliyajua hayo. Mkewe ndiye aliyeshika usukani wa manong'ono.

"Basi huenda niliufua," mama alisema taratibu. "Siku hizi nasahau. Mwambie mkeo ameshinda, gari libaki hapa." Akaondoka kwa miguu.

Waya akachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, aufute ufunguo mbovu kwenye kumbukumbu ya gari na kusajili mwingine. Akauchomoa kwenye pete asome namba yake, akaujaribu mara ya mwisho. Mashine ikaonyesha: ufunguo umetambuliwa. Gari likawaka, likatulia. Akalizima, akaurudisha kwenye pete, ubavuni mwa ufunguo wa gari lake mwenyewe alilonunua juzi, nao pia una chipu. Alipowasha, likanguruma na kuzima. Gari lilikuwa linasikia chipu mbili kwa pamoja, likazikataa zote. Jambo hilo alikuwa akiwaonya wateja kila mara.

Masikio yakamwaka moto.

"Vipi, Waya, maiti kafufuka?" fundi rangi akauliza.

"Bado naangalia," akajibu, na uongo huo ukamwongezea aibu.

Jioni mkewe alimpakulia chakula. "Mama kakubali mwenyewe. Afadhali, nilikuwa silali." Waya alitazama sahani mpaka chakula kikapoa.

Asubuhi, kabla ya chai, alimweleza mkewe yote. Kisha akaendesha lile gari mpaka kwa mama, akamweleza pale pale mlangoni, macho kwenye viatu vyake.

"Mimi nilikubali mbele za watu," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

Waya akampa ufunguo, peke yake, bila pete, akazunguka na kuketi kiti cha abiria. Walipofika gereji, alimwomba fundi rangi aache msasa.

"Jana nilisema mama kafua ufunguo. Hakuufua. Kosa lilikuwa langu, na nilipoligundua nikanyamaza."

Mama alibaki nyuma ya usukani, gari likiwaka.