Aliyeusafisha Msikiti wa Kwenye Picha

Juzi nililetewa habari kutoka Mbuchi kwamba yule mkata boriti tuliyezoea kumwona bomani amefariki, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Mungu amrehemu. Nitamtania kidogo, maana naye hakuwahi kunihurumia.

Nilikuwa karani na mkalimani wa boma alipokuja mchoraji wa Kizungu, mgeni wa Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, akitaka kuchora gofu la msikiti wa kale lililomo kati ya mikoko. Nikamwagiza marehemu apatayarishe mahali. Nilikusudia njia tu. Yeye akashinda siku mbili na panga, akaondoa mizizi na majani yote yaliyofunika kuta, akafagia, kisha akaupaka ukuta wa kibla chokaa. Mchoraji alipofika alikaa juu ya sanduku lake kama aliyefiwa. Alikuwa amesafiri miezi mizima kutafuta uchakavu, akakuta usafi. Basi akayarudisha majani kwa kalamu yake, akaongeza nyufa, na chini ya tao akamlaza mtu wa kilemba, usingizi umemchukua. Picha ikachapwa kwao, nakala moja ikatundikwa bomani. Maneno ya chini niliyatafsiri mimi: “Gofu lililosahauliwa.” Nikajiona fundi wa lugha.

Baadaye ukazuka mpango wa kupaingiza mahali pale katika msitu wa serikali, watu wasipakanyage tena. Wazee walipokuja kulalamika, Bwana Shauri akawaonyesha picha ukutani: pamehamwa zamani, wanadai nini? Marehemu, aliyefuatana nao, akaitazama, akasema taratibu, nami nikatafsiri: “Bwana, majani hayo niliyakata mimi. Huyo aliyelala simjui. Ninayemjua ni babu yangu, amelala nyuma ya ukuta huo, na kaburi lake tunalipalilia kila Shaabani.” Kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kindengereko, maneno yasiyohitaji tafsiri, kwamba aliyeandika maneno ya chini ya picha, yaani mimi, alikuwepo siku ile ya mchoraji, na macho anayo.

Bwana Shauri akaenda kujionea, akakuta njia imefyekwa na makaburi yamepaliliwa. Mpaka wa msitu ukasogezwa. Nilipokwenda kuomba radhi, marehemu aliniambia radhi yake ni jembe. Shaabani ile nilipalilia makaburi mpaka viganja vikatoka malengelenge, naye akacheka mbele ya watu wote.

Mgeni simlaumu, alichora alichokipenda. Lawama ni yetu sisi tunaopajua mahali, tukanyamaza ili tusimharibie mgeni ladha. Wenzangu mnaoshika kalamu, kabla ya kuandika kwamba mahali pamesahauliwa, ulizeni kwanza nani anapafagia.