Mpaka Mfereji Uishe: Santuri za Anselme Courtivel

Siku yangu ya kwanza kazini Villawood, huku Australia, sikugusa mashine hata moja. Fundi Mkuu, Mwaustralia mrefu asiyependa maneno mengi, alinikabidhi beseni la maji, brashi laini na rundo la santuri, akaniambia nizioshe. Nilikuwa nimetoka Bukavu, ambako nilitunza maktaba ya santuri ya redio, kisha nikapitia kambi ya wakimbizi, kisha kwenye ghala moja la Fairfield nilikobeba maboksi mpaka mgongo ukakataa. Nilijiona mtu mzima mwenye ujuzi wangu. Nikanuna, lakini nikaosha. Jioni alizipitisha moja moja chini ya taa, akanirudishia karibu nusu yake. Kesho yake nikaosha tena.

Ninyi vijana mmezaliwa wimbo ukiwa ndani ya simu, kwa hiyo nieleze. Kazi yetu iliitwa kuhamisha, yaani kuitoa sauti kwenye santuri kuukuu na kuiweka kwenye kompyuta kabla santuri haijafa. Uchafu ukibaki mferejini, ile njia nyembamba inamopita sindano, utausikia maisha yako yote. Ndiyo maana unaanza na beseni.

Kanuni moja nilikuja nayo mwenyewe. Kule Bukavu, Mkuu wa Maktaba alikuwa akisimama nyuma yetu kama mwalimu wa mtihani. Ole wako unyanyue sindano kwa sababu mwimbaji amenyamaza. "Wimbo ni wa mwimbaji," alikuwa akituambia. "Santuri ni ya kwetu sisi. Ichezeni mpaka mfereji uishe." Nilimcheka kichinichini, maana mara nyingi kilichobaki ni mkwaruzo mtupu. Nilipoona Fundi Mkuu wa Villawood naye anafanya vilevile, bila hata kueleza, niliacha kucheka.

Fundi Mkuu alipostaafu, tukapata Meneja mpya, binti wa Kikenya aliyesomea uhandisi wa sauti. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa na masikio makali, na chai yake ilikuwa chai kweli, si maji ya rangi. Aliniita Mzee, nami nikamwita Bosi, ingawa angeweza kuwa binti yangu wa mwisho. Tulichogombania kilikuwa muda tu.

Ndipo alipokuja Madame. Alikuwa mwalimu mstaafu, Mfaransa aliyezeekea Merrylands, na alileta sanduku la santuri za babu yake, Anselme Courtivel. Huyu Courtivel alitunga nyimbo za mitaani na za mikahawani kule Paris, zamani za pembe, kabla ya maikrofoni. Siku hizo mwimbaji alisogeza uso wake karibu na pembe kubwa la bati, akapaza sauti, na nguvu ya sauti yenyewe ndiyo iliyochora mfereji. Nyimbo zake zilienea, ila kwa vinywa vya wengine. Mastaa walizirekodi, majina yao yakaandikwa kwa herufi kubwa, lake likabaki chini kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Yeye mwenyewe aliimba kwenye santuri chache tu.

Santuri hizo hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kuzisikia. Kwenye gramafoni ya nyumbani zilitoa mnong'ono tu, wakaamini zimekufa. Madame alikuwa akipoteza usikivu. Sikio moja lilikuwa limeshakwenda, la pili lilikuwa njiani, na alitaka kumsikia babu yake kabla halijafika. Alituambia hivyo kwa Kifaransa, amekaa wima, bila kujionea huruma. Kampuni ndogo ya muziki wa zamani ilikuwa imekubali kuzitoa kama albamu, na ilitaka kazi upesi.

Meneja ndiye aliyegundua siri ya santuri zile. Alizitazama kwa kioo cha kukuza, akaona kwamba mfereji haukwenda kushoto na kulia kama wa santuri tulizozoea. Ulipanda na kushuka, kama barabara yenye matuta. Akabadilisha nyaya za kichwa cha mashine kinachoshika sindano, akaweka sindano nene yenye ncha ya mviringo, na santuri zikafunguka. Zaidi ya hapo, zilianzia katikati, karibu na lebo, zikamalizikia ukingoni.

Kasi ikawa kazi yangu. Siku hizo kila kiwanda kilizungusha santuri kivyake. Kwa bahati, kabla ya kila wimbo kulikuwa na mtu anayetangaza jina la wimbo na la mtunzi. Nikaongeza, nikapunguza, mpaka yule mtangazaji akawa mtu anayezungumza, si mtoto wala mlevi. Hapo Courtivel naye akatulia. Katika santuri za mwanzo alikuwa kijana mwenye haraka, anaimba mzaha wa wafua nguo na wapangaji wasiolipa. Katika za baadaye sauti ilishuka, akawa anavuta maneno, na mzaha ukapungua. Nilimwona akizeeka kwenye meza yangu.

Ya mwisho kabisa ilikuwa na ufa uliotoka ukingoni na kuingia ndani. Na kwa kuwa inaishia ukingoni, ubovu ulikuwa mwishoni. Wimbo wenyewe ulipita salama. Sindano ilipokaribia ufa, Meneja alinyanyua mkono wa mashine.

"Mzee, song imeisha," alisema. "Hapo mbele ni crack tu. Hiyo stylus ikivunjika tutangoja ingine wiki mob, na deadline ni Friday."

"Bosi, wimbo ndiyo imeisha," nikamjibu. "Lakini disque haiyaisha."

Nikamweleza nitakavyofanya. Nitaibana santuri kwa vibanio ili ufa usifunguke, niizungushe kwa nusu ya kasi ili sindano ipate muda wa kuvuka, kisha kompyuta itairudisha kasi yake. Hakuwa na hoja dhidi ya njia hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba santuri ni moja duniani na hakuna kitu pale cha kuihatarishia.

"Ikivunjika, wewe ndiye utamwambia Madame," alisema.

"Nitamwambia."

Nikaibana santuri, nikashusha sindano. Sindano ikaruka kidogo kila ufa ulipopita, lakini ikarudi njiani, mpaka mfereji ukaisha. Tukarudisha kasi, tukasikiliza pamoja. Baada ya piano kunyamaza palikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamume, ya chini, si ya kuimba: "Ça allait, Jeanne?" Yaani, ilikuwa sawa, Jeanne? Mwanamke akacheka karibu kabisa na piano, na kitufe kimoja cha piano kikagongwa, kama mtu anayejibu kwa kidole.

Meneja alitabasamu. Hata hivyo alisema kwa albamu patakatwa, kwa kuwa kampuni ilitaka mwisho safi. Nilikataa. Nilimwambia sitatia mkono wangu katika kukata kule kabla Madame hajasikia, na kama ana haraka, anitafutie kazi nyingine ya kufanya. Sikuwahi kusema na mkubwa wangu namna ile. Akachukua simu akamwita Madame.

Madame alikuja akaegemeza sikio lake lililobaki kwenye spika. Wimbo ukapita, naye akiwa ametulia tuli. Yule mwanamke alipocheka, akatuomba turudie, kisha turudie tena. Jeanne alikuwa bibi yake. Kwenye lebo paliandikwa "piano" tu, bila jina la mpigaji, na nyumbani walimjua kama mshonaji. Waliambiwa hakujua muziki. "Kumbe alikuwa pale," alisema. "Alikuwa pale naye wakati wote." Akalia, nami nikalia, sioni aibu kusema. Meneja akaigeukia kompyuta, akaondoa alama ya mkato kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaipigia kampuni simu ili jina la Jeanne liandikwe kwenye albamu, sawa na la Courtivel.

Sasa nimestaafu. Vijana wa pale wana programu inayokata ukimya yenyewe bila kuulizwa, na kila ninapowatembelea nawaambia waizime. Wananiita king'ang'anizi. Ni kweli.

Majuzi redio moja ilicheza ule wimbo wa mwisho, na piano iliponyamaza tu mtangazaji akaanza kutangaza hali ya hewa. Nikashika simu. Mke wangu akaniambia, "Baba Furaha, uachane nayo, uko pension." Sikuachana nayo. Nilimsumbua yule mtangazaji kwa adabu mpaka akaahidi kuurudia wote wiki inayofuata.

Siku ya ahadi ilipofika nilipanda treni mpaka Merrylands. Madame hasikii tena chochote. Tulikaa jikoni kwake, redio katikati ya meza, naye ameweka kiganja juu yake akinitazama usoni. Wimbo ukaisha, na mtangazaji, Mungu ambariki, akanyamaza.

"Amecheka?" Madame akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa, naye akacheka pamoja na bibi yake.