Kocha Anayewamiminia Kahawa Wanaomuuliza Kwa Nini Alishindwa

MSAMBWENI, Januari 1969. Alfajiri bado nzito juu ya mapaa ya makuti na Mwinyihaji Mbwana yuko uani kwake, amechutama mbele ya kinu, anatwanga kahawa. Mkewe, Mwanatumu, anapepea makaa. Maji ya kuoga ya mumewe ameshayaweka kando, ndoo imefunikwa sinia ili yasipoe. Mwenye mtu wa kumfunikia maji hajui alivyo tajiri mpaka siku atakapoyakuta baridi.

"Leo Ijumaa, watakuja wengi kunisuta," anasema Mwinyihaji, mchi ukiendelea. "Na kesho naitwa bomani. Kila mtu atataka aniulize leo, kesho nisije nikarudi si mwalimu tena."

Huyu ni muuza kahawa. Pia ndiye kocha wa timu ya Mwamba ya hapa Msambweni, kazi anayoifanya bila senti moja mwaka wa kumi na moja huu. Kesho kamati ya mpira ya wilaya itaamua kama abaki na timu au anyang'anywe, kwa sababu ya goli moja alilofungwa mwezi wa Ramadhani.

Baada ya sala anaketi barazani mbele ya msikiti, dele la kahawa, birika la shaba, juu ya jiko lake, vikombe vikigongana mkononi. Wa kwanza kufika ni Mwinga, fundi wa baiskeli.

"Mwalimu, sabalkheri. Hivi Abdulrahim ana masikio mangapi?"

"Kunywa kwanza."

"Nauliza tu. Refa ana filimbi moja, nahodha wako ana masikio mawili, na bado hawakukutana."

Baraza inacheka. Mwinyihaji hacheki wala hanuni. Anamimina, anangoja. Mwinga anakunywa mpaka machicha, anarudisha kikombe.

"Haya," anasema Mwinyihaji. "Masikio anayo mawili, na yote niliyafundisha mimi. Una jingine?"

"Basi. Niongeze."

Hiyo ndiyo sheria ya baraza hii tangu zamani. Mwenye swali la mpira humaliza kikombe kwanza, ndipo huuliza.

"Kahawa yangu kali," Mwinyihaji anaeleza. "Mtu akifika chini ya kikombe, hasira imeshuka nusu. Nusu iliyobaki ndiyo swali lenyewe."

Makocha wa mijini wakishindwa hupita mlango wa nyuma. Yeye hana mlango wa nyuma. Anayemtukana Jumapili ndiye mteja wake Jumatatu, kikombe senti kumi. Siku njema hupata shilingi tano. Tangu goli lile hazifiki tatu, kwani wako waliohamia kwa muuza kahawa wa sokoni.

Alizaliwa Munje. Babake alitaka awe mvuvi, bahari ikamtapisha, akarudi nchi kavu kuuza kahawa. Mpira aliujua kwa kuutazama. Mwaka 1958 vijana wa Mwamba waligombana juu ya nani acheze mbele. Wakamwita yeye aamue, kwa kuwa kila siku alikuwa ukingoni mwa uwanja na dele lake na hana ndugu kwenye timu. Akaamua. Hawakumwachilia tena.

Ukimtaka aitaje siku moja nzuri, hutaja safari za Shimoni. Walikwenda kwenye lori la nazi, wakiimba njia nzima, na wenyeji waliwapikia wali kabla ya mchezo na baada ya mchezo. Aliyeshindwa ndiye aliyenawishwa mikono kwanza. Ndipo mashekhe na mabaharia wakakaa naye mkekani: kwa nini yule beki hakurudi, kwa nini kona ile ukamwachia mfupi?

"Walinibana mpaka jasho," anasema. "Lakini tukiinuka pale limekwisha. Swali la barazani hufa barazani. Siku hizi swali linapigwa chapa, linapanda treni mpaka Nairobi, linarudi likiwa kubwa kuliko lilivyoondoka."

Uwanja wa Mwamba unapakana na ukuta wa msikiti. Kwa hiyo yako mazoea mengine, na hayo ndiyo yaliyomponza. Mwezi wa Ramadhani mchezo huanza saa kumi, uishe mapema. Lakini ukikawia na adhana ya magharibi ikalia, mpira husimama pale pale ulipo. Mwenye nao huukanyaga, akauacha. Timu zote mbili huenda ukingoni, wakala tende, wakanywa maji, wakasali, kisha mpira ukaendelea ulipokanyagwa. Asiyefunga naye husimama. Miaka yote hakuna aliyewahi kuuiba mpira uliokanyagwa.

Hata Mzungu aliyewaamulia michezo zama hizo, bwana mmoja wa mifugo, alifahamu. Wazee wanasema alikuwa akiliona jua linashuka anaangalia mnara, filimbi iko mdomoni tayari, na mwadhini akifungua kinywa naye anapuliza.

Mkoloni alipuliza. Hayo yaandikwe.

Na Ramadhani ya kwanza baada ya Uhuru, viongozi wetu walikuja Msambweni kutazama mpira, wakakaa mkekani na wachezaji, wakala kwenye sinia moja. Hapakuwa na viti vya kukunja wala turubai. Mwanatumu anakumbuka kuwa waliomba uji uongezwe.

"Walikuwa wembamba wakati ule," anasema.

Sasa tuje kwenye goli. Desemba iliyopita, katika sherehe za Jamhuri, Mwamba walicheza fainali ya kombe la wilaya huko Kwale na timu ya Bomani, vijana wa maofisini ambao wengi wao ni watu wa bara. Saa kumi timu zote zilikuwa uwanjani. Mchezo haukuanza. Mgeni wa heshima hakuwa amefika, na kamati ikasema bila yeye mpira haugusi nyasi. Vijana waliofunga tangu alfajiri wakasimamishwa juani kwa mstari. Gari ya mgeni ilifika saa kumi na moja, akashuka akiwa ameshakula, akapeana mikono, na filimbi ikalia.

Kipindi cha pili, bila kwa bila, adhana ikatoka msikiti wa Kwale. Abdulrahim, nahodha na beki wa kati, alikuwa na mpira karibu na goli lake. Akaukanyaga, akauacha, akatembea. Kipa akatoka golini. Mwamba wote wakaelekea ukingoni, huku wakimwona refa amesimama na filimbi chini. Mchezaji wa Bomani akautazama ule mpira, akamtazama refa, akausukuma taratibu mpaka wavuni. Refa akaonyesha kidole katikati.

Ndilo goli lililochukua kombe.

Waandishi wa magazeti watatu walimzunguka Mwinyihaji kabla hajameza tende. Kijana kutoka Nairobi, mwenye kalamu mbili mfukoni, alianza.

"Kocha, hii ni aibu. Wachezaji wako waliacha mpira wenyewe. Nani aliwaambia?"

"Mimi."

"Leo?"

"Tangu walipokuwa wadogo. Futuru, mwanangu, hata kama hukufunga. Maji haya."

Kijana alikunywa, hakuwa na la kufanya. Kisha akauliza tena. "Nahodha wako utamfukuza?"

"Abdulrahim alifanya nililomfundisha. Utamfukuza mwanafunzi kwa kushika somo?"

"Na huyu?" Akamwonyesha Chome, mshambuliaji, Mduruma wa Mackinnon Road, Mkristo anayevaa msalaba wake ndani ya jezi. "Huyu hafungi. Yeye kwa nini asimame?"

Mwinyihaji akasema muulizeni mwenyewe, yuko hapa. Chome alikuwa na tende mdomoni.

"Wenzangu wote walitoka," akasema Chome. "Ningempasia nani? Refa?"

Magazeti ya kesho yake hayakuandika jibu la Chome. Yaliandika kwamba kocha amechanganya dini na mpira, na kwamba vijana wa kusini hawajui sheria. Saa ya kuanza mchezo haikutajwa popote. Aliyechelewa hakuulizwa hata jina, na mpaka leo yeye analala usingizi.

Ijumaa hiyo barazani Mwinga anamwambia waziwazi. "Mwalimu, kesho sema. Sema walichelewa. Ukisema tu, umepona."

"Mgeni hasemwi, Mwinga."

"Mgeni gani wa kuja kukuvunjia nyumba?"

"Hata huyo. Akishaondoka ndipo utatengeneza nyumba. Kunywa."

Mwinga ananinong'oneza baada ya kikombe cha tatu. "Na huyo mwenyekiti wa kamati, unajua alichezea Mwamba? Nambari nne. Hapa hapa. Alikuwa wa kwanza kuukanyaga mpira na wa kwanza kwenye tende. Muulize kama amesahau."

Jumamosi Mwinyihaji anapanda basi la Kwale amevaa kanzu aliyonyooshewa na mkewe na koti moja alilo nalo. Chumba cha kamati kina meza ndefu. Waandishi wamepewa benchi ukutani, na kijana wa Nairobi yupo. Abdulrahim na Chome wamekuja pia, wamesimama mlangoni kwa kuwa hawakuambiwa waketi.

Mwenyekiti anaamkiwa, anaitikia kwa kichwa.

"Mwalimu, jambo hili dogo," anasema. "Waambie mabwana hawa ulikosea kuwafundisha vijana vile. Waambie kuanzia leo watacheza mpaka filimbi, adhana iwe isiwe. Timu utabaki nayo."

"Na nisiposema?"

"Tutatafuta mwingine. Wako wenye vyeti."

Mwinyihaji anawageukia waandishi. Sauti ni ile ile ya barazani.

"Kushindwa nimekubali. Goli ni goli, filimbi haikulia. Sikuwaambia vijana kwamba ugenini desturi yetu haijulikani, na refa sikwenda kumwona mapema. Hayo makosa yangu, andikeni. Lakini kwamba nilikosea kuwafundisha wamngoje mwenzao afuturu, hilo siwezi kulisema. Nikilisema nitarudi kwa wake zao na mama zao kwa uso gani?"

Kijana wa Nairobi anainua mkono. Mwenyekiti hakumruhusu, yeye anauliza.

"Kocha, mechi ilikuwa ianze saa kumi. Kwa nini ilianza saa kumi na moja?"

Mwenyekiti anageuza shingo kuangalia dirishani. Mlango wa kutokea umewekwa wazi mbele ya muuza kahawa, na kila aliyemo anauona.

"Tulikuwa na mgeni, mwanangu," anasema Mwinyihaji.

"Alichelewa?"

"Mgeni akija ndiyo saa yake."

"Kocha, nakusaidia hapa."

"Najua. Ahsante."

Haikuchukua muda. Kamati iliingia chumba cha ndani, ikatoka. Mwinyihaji Mbwana ameondolewa, na haruhusiwi kufundisha timu yoyote ya wilaya hii kwa miaka miwili. Mwamba watapewa kocha mwenye cheti, bwana Mwero wa ofisi ya kilimo. Mwenyekiti akampa mkono. Mkono ule uliwahi kuchota tende kwenye sinia la huyu mzee, na ulikuwa laini sasa.

Watu wa aina hii ndio wanaoondolewa nchini mwetu. Aliyechelewa saa nzima atakaribishwa tena mwakani, apigiwe ngoma. Aliyenyamaza ili mgeni asiaibike ndiye aliyetoka akitafuta basi. Kama adabu ya mzee ndiyo ngazi ya wakubwa kupandia, basi hatukubadilisha kitu ila rangi ya aliyeko juu.

Nje Chome amekasirika. "Baba, sisi hatuchezi. Akija huyo Mwero atakuta nyasi."

"Mtacheza," anasema Mwinyihaji. "Mwero amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi mwamkie, msikilize. Na akishindwa mechi mleteni kwangu, nitampa kahawa. Atahitaji."

Abdulrahim anacheka kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Kisha anafuta macho kwa mkono wa shati, na wenzake wanatazama kwingine.

Jumapili baraza imejaa mpaka chini ya ngazi. Hata waliohamia kwa muuza kahawa wa sokoni wamerudi, wanasukumana kupata kikombe, na leo hakuna anayemsuta. Mwinga anataka kulipia ya wote, Mwanatumu anamtumia ujumbe kuwa alipe deni lake la Shaabani kwanza.

Mwinyihaji mwenyewe hana huzuni anayoionyesha. Amekatazwa kufundisha, anasema, hakukatazwa kualika. Amewaza usiku kucha na sasa ana mpango. Ramadhani ijayo atafanya kombe lake hapa Msambweni, uwanja ule ule wa ukuta wa msikiti. Munje wameshakubali. Shimoni ametuma mtu. Chome ameahidi kuleta vijana wa Mackinnon Road, Waislamu na wasio Waislamu, waje wajifunze kuukanyaga mpira. Zawadi ni beberu, na atakayeshindwa ndiye atakayenawishwa kwanza.

"Na waandishi?" anaulizwa. "Hata yule wa Nairobi?"

"Yule namtaka zaidi. Anauliza vizuri."

"Mgeni wa heshima umemchagua?"

Mwinyihaji anafuta mdomo wa dele kwa kitambaa, pole pole, mpaka shaba ing'ae.

"Mwaka huo hatutaalika mgeni," anasema. "Tutaanza saa kumi."