Kawa ya Mwisho ya Mama Fahima

Nereah Ouma alipiga picha za pasipoti na vitambulisho pale Silanga, na kwa miaka kumi na mbili karibu kila uso wa mtaa ule ulikuwa umekaa mbele ya shuka lake la samawati. Mwaka 1993 Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kamera ndogo ya sinema na filamu tatu za milimita nane. Mtu mwingine angeiuza siku hiyo hiyo. Nereah aliichokoa hadi akagundua kwamba, kwa waya wa kubonyezea, ilikubali kupiga picha moja moja. Akapiga hesabu: picha moja kila dakika mbili, na kazi ya wiki tatu ingepita ukutani kwa dakika tatu.

Filamu ya kwanza aliimalizia kwenye magugu ya bwawa la mtaani. Ilitumwa ng'ambo kusafishwa, ikarudi baada ya miezi mitatu, na bwawa zima lilikuwa likicheza dansi kwa sababu kamera ilitikisika kila alipoigusa. Akaifunga kwenye nguzo kwa mpira wa tairi. Filamu ya pili iliwaka na kuzima, iliwaka na kuzima, maana kamera ilijipimia mwanga yenyewe kila wingu lilipopita. Akajifunza kuupima kwa jicho lake.

“Nereah, hiyo kamera ni ya kupiga ama ya kungoja?” majirani walimtania.

“Ni ya kungoja,” aliwajibu, akiendelea na kazi yake. Moyo wa namna ile ni nadra, nami nausifu bila haya.

Filamu ya tatu, ya mwisho, alimwekea Mama Fahima. Huyu alikuwa Bi Fatna, Mnubi aliyesuka kawa za kufunikia chakula, zenye rangi kali na mapambo ambayo hakuna mwingine mtaani aliyeyajua. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Binti yake, Fahima, aliyeuza dukani Riruta Satellite, alikuwa anaolewa Bombo, Uganda, wala hakuwahi kutulia ajifunze kusuka.

“Nataka aone mikono yangu,” Bi Fatna alisema. “Akiwa huko mbali, aone vile inaenda.”

“Ataiona, Mama Fahima. Nakuahidi.”

Wiki tatu Nereah alikaa barazani kwa Bi Fatna, jicho kwenye saa, daftari mapajani, akichora kijiti kwa kila picha. Kawa ilianza kama kitufe, ikatanuka, ikafika ukubwa wa sinia. Hakuruka picha hata moja.

Filamu iliporudi, Gerishon, katekista wa mtaa wa Kawangware 46, aliwaazima projekta. Walifunga mapazia mchana, wakatundika shuka ukutani. Bi Fatna, ambaye kufikia hapo aliona vivuli tu, alikaa mbele kabisa, na Fahima, aliyekuwa bado hajaondoka, ubavuni mwake.

Picha ilitulia tuli. Mwanga ulikuwa safi. Kawa ikakua, ikakua, nyekundu ikaifuata zambarau. Lakini mikono ya Bi Fatna ilikuwa imelala mapajani, na mwenyewe alikuwa ameinua uso, mtandio umenyooshwa, akitazama mbele kama mtu anayeomba pasipoti.

Kumbe kwa wiki tatu, kabla ya kubonyeza, mdomo wa Nereah ulikuwa ukisema bila yeye kujisikia: “Tulia, angalia hapa.” Na mama wa watu, kwa adabu yake, alitulia kila mara.

“Mikono inaonekana?” Bi Fatna aliuliza.

Nereah alitazama upande wa Fahima, akitarajia hasira. Fahima alikuwa analia.

“Hapana, Mama,” Fahima alisema. “Mikono haionekani. Unaonekana wewe. Tangu nikiwa mdogo nimekuzoea umeinamia kazi, hata ukiongea na mimi. Leo umeniangalia mpaka mwisho.”

Bi Fatna alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata uso wa binti yake.

“Rudisha mwanzo, Auntie Nereah,” Fahima akasema, na Nereah akairudisha filamu.