Miaka Mitano kwa Dawa ya Kuku

Mume wangu alifungwa miaka mitano kwa sababu ya adabu. Bangi ilikuwemo, sikatai, lakini bangi peke yake isingemfikisha mbali vile.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, bendera bado mpya, na kila askari wa Kakamega anatafuta mtu wa kumwonyesha kwamba sasa serikali ni yetu. Kuku wangu walikuwa wameshikwa na kideri. Leo anasinzia mmoja, kesho unafukia watatu. Nikampelekea habari mama yangu kule Shinyalu, maana alikuwa na dawa yake, majani makavu aliyoyatwanga akawachanganyia kuku kwenye maji. Majani yenyewe yalikuwa bangi. Wazee wengi wa kule walikuwa na shina moja nyuma ya zizi, na hakuna aliyeona ubaya isipokuwa padri na serikali.

Mume wangu alikuwa anakwenda upande huo kutafuta mbao, basi nikamwambia apitie mzigo wangu. Sasa elewa jambo hili, maana ndilo lililotutia motoni. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mama mkwe akitokea njia hii, wewe unaingia kwenye mahindi. Humtaji jina, huketi kiti chake, hushiki kitu chake ovyo. Kwa hiyo mama aliuacha mfuko kizingitini akajifungia ndani, na mume wangu akauchukua huku anatazama miti. Kuufungua ajue amebeba nini? Heri ungemwambia avue suruali sokoni.

Askari hawakuwa na tatizo hilo. Walimsimamisha akikaribia mjini, wakafungua, wakanusa, wakafurahi. Walipouliza mzigo ni wa nani, akasema ni wake. Angemtaja mama mkwe mbele ya wanaume wenye bunduki? Mume wangu huyo, hata angechomwa moto.

Mahakamani alisomewa mashtaka akaulizwa kama ni kweli. Akasema ni kweli. Nadhani alijiona yuko mbele ya wazee wa ukoo, ambako mtu akikubali kosa mapema anakemewa, anatoa kuku, wanakula, yameisha. Hakimu alimsifu kwa kutopoteza wakati wa mahakama, kisha akampa miaka mitano. Kabla yake alikuwa amesimama mwizi wa ng'ombe aliyekana kila kitu, hata kuwahi kumkaribia ng'ombe, na yeye alipata mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, mtoto mgongoni. Nilitaka kucheka, nikajikuta namfunga upya mtoto aliyekuwa amefungwa vizuri.

Nilipomwona jela nilimsihi aseme ukweli. Alinitazama kana kwamba nimetukana. Akasema angeonekanaje kwa watu, mtu aliyemtoa mama mkwe ili ajiokoe yeye. Nikamwambia watu hao hawatakuja kunipalilia mahindi. Wahenga walisema heshima si utumwa. Kuhusu jela hawakusema kitu.

Karani wa jela ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha mbuzi kusoma, kwamba aliyekubali kosa hawezi kurudi kusema hakukosa. Maji yakimwagika hayazoleki. Kinachobaki ni kulalamikia uzito wa adhabu. Basi tukakata rufaa juu ya uzito, kama watu wanaokubali kubeba gunia ila wanaomba lipunguzwe, na gunia lenyewe si lao. Mahindi niliyapalilia mimi, nikayavuna mimi, na shemeji zangu wakawa wanakuja kunipa pole saa za kula tu. Niliogopa sana. Kwa miaka mitano huyu wa mgongoni angekua mpaka aanze shule, na baba yake angekuwa mgeni kwake.

Mama aliposikia habari za rufaa alisema atakuja kusema mwenyewe. Nikamkatalia. Nimtoe mume nimwingize mama? Hakubishana nami, na hapo ndipo ningeshtuka, kwa sababu mama yangu asipobishana ameshaamua.

Siku yenyewe jaji alikuwa Mzungu, mmoja wa wale waliobaki, na wigi lake kichwani katika joto lile. Alikuwa anamwuliza mume wangu kama ana la kuongeza, mara mlango ukafunguka na mama akaingia na gauni lake la kanisani. Mume wangu akageuka papo hapo akaelekea ukuta. Jaji akarudia swali, akajibiwa na kisogo. Askari wakamgeuza, akarudi ukutani. Wakamgeuza tena, akafumba macho, na walipomwachia akarudi ukutani. Jaji akawa mwekundu, akauliza kama mfungwa huyu anaidharau mahakama. Nikasema moyoni, haya, sasa ni kumi.

Mkalimani, mtu mzima wa kwetu, akamweleza jaji kwamba aliyeingia ni mama mkwe na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Jaji akataka kujua mama amefuata nini. Mama hakungoja kuambiwa asimame. Alisema kwa lugha yetu, wazi kabisa, kwamba bangi ile ilikuwa yake, aliituma kwa ajili ya ingokho, yaani kuku, wa binti yake, na mkwe wake hakujua alichobeba.

Sote tulielewa, isipokuwa jaji na wakili wa serikali, kijana wa Pwani. Askari wa mlangoni akawa anatazama viatu vyake. Mkalimani akakohoa. Naye alikuwa mkwe wa mtu. Nilikuwa na Kiingereza cha misheni cha kutosha kusikia alichokitoa: kwamba mama huyu ni mzee, anamwombea mkwe wake huruma, na anasema ni mtu mwenye heshima kupita kiasi. Hilo la mwisho halikuwa uongo.

Jaji alikitazama kile kisogo kwa muda. Kisha akasema kosa linabaki kosa, kwa kuwa mwenyewe alilikubali, lakini adhabu ilikuwa nzito mno kwa mtu asiyewahi kushtakiwa. Muda aliokwisha kukaa ndani unatosha. Aende nyumbani.

Walimtoa nje amekonda, shati linampwaya. Mama alikuwa amesimama chini ya ngazi, na alipoona anakuja akampa mgongo. Yeye naye akampa mgongo. Mimi nikawa katikati.

"Mwambie mkwe wangu amefanya vizuri," mama akasema, "na mwambie amekonda, ale."

Mume wangu akasema, "Mwambie mama nimeshukuru."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Yuko hapo."

Hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na nilipozunguka kumtazama usoni nikaona machozi yanamdondoka. Mama alikuwa anajifuta kwa kitambaa cha kichwa. Mwaka karibu mzima mtu huyu aliniacha na watoto na shamba kwa ajili ya mama yangu, na sasa hana njia ya kumtazama amwambie asante. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Ningepata fimbo ningemchapa.