Matone ya Mlangoni

Mbwa wetu hakuwa na jina. Alikuwa jike, mwekundu, kazi yake kuulinda muhogo usiliwe na nguruwe mwitu, na makazi yake huko huko shambani. Nyumbani hakuruhusiwa kukanyaga. Nilimkuta nilipoolewa Kengeja, miaka michache kabla ya Mapinduzi, na kwa mengi nilijiona tumelingana. Sote wawili tulitakiwa tufanye kazi na tusisikike.

Kisha akaanza kuja kukojoa mlangoni, pale pale mavyaa, mama yake mume wangu, alipokuwa akitandika msala wake. Mavyaa alikuwa mkali wa twahara, usafi wa sala. Alisema mbwa kafanya jeuri, na mume wangu akaahidi kwamba Ijumaa ikipita atamtia kamba ampeleke msituni. Nilijua kwamba harudi.

Kuosha kilikuwa kibarua changu, mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Mkojo wa mbwa kwetu hautazamwi. Mtu hukunja nguo, akageuza uso, akapita. Mimi niliyeosha ndiye niliyeona. Yalikuwa matone tu, yenye harufu kali, na siku moja yalikuwa na damu. Nikaanza kumtazama mbwa mwenyewe. Alichutama, akangoja, likatoka tone. Akasogea kidogo, akachutama tena. Alilia kwa sauti ndogo, kisha akajilamba hapo hapo bila kuacha. Jeuri gani hiyo? Yule alikuwa akiungua.

"Mama," nilimwambia mavyaa jioni ile, "mbwa yule mgonjwa. Mkojo wamchoma. Hawezi kuuzuia, ndiyo maana aja hata mlangoni."

"Weye wajua vipi?"

Ningeweza kusema nimesikia kwa watu, na hakuna ambaye angeniamini. Kamba ilikwisha kutundikwa ukutani, naiona. Nikainamisha kichwa, nikasema nisilolisema hata kwa mume wangu: kwamba tangu harusi na mimi nakwenda chooni kila mara, natoa matone, nang'ata ncha ya kanga ili nisisikike.

Mavyaa aliukunja msala wake, akaenda kuutandika chumbani, nami nikabaki na aibu yangu, nikijuta kufungua kinywa. Aliporudi aliketi kando yangu, karibu kuliko alivyopata kuketi.

"Na sasa wakuchoma bado, mwanangu?"

Nikasema ndiyo, na nikalia.

Asubuhi tulipanda gari ya abiria, yeye na mimi, kwenda hospitali mjini Chake. Mume wangu alitumwa kwa daktari wa ng'ombe kumtafutia mbwa dawa, na kamba ikabaki ukutani. Mbwa alipona upesi. Mimi ilinichukua muda, na kila nilipotoka chooni nilimkuta mavyaa kasimama uani, ananingoja nimwambie kama bado wanichoma.