Sikio la Farasi wa Kijivu

Wenzangu bandani walikuwa wakinicheka kwa sababu ya mdomo wangu. Mchezo wetu, dresaji, ni wa kimya: farasi anapiga hatua kwa mpangilio, anageuka, anasimama, nawe juu yake unamwongoza kwa mapaja, kiuno na vidole tu. Kwenye mashindano ukinong'ona, jaji akisikia, alama zinakatwa. Mimi nikawajibu kwamba mashindano ni mashindano na nyumbani ni nyumbani. Mtoto gani analelewa bila kusemeshwa?

Na farasi niliyekuwa namsemesha alikuwa mtoto kweli. Aliletwa kwenye banda letu, kaskazini mwa Joburg, hajawahi kubeba tandiko. Ni aina ya Lusitano, asili yao Ureno: shingo nene, kifua kipana, akili nyingi hadi kero. Rangi yake ilikuwa ya majivu yaliyolowa. Farasi wa namna ile huzaliwa weusi, kisha huwa weupe mwaka hadi mwaka, kama binadamu anavyoota mvi. Nilijiapiza nitamwona akiwa mweupe pe.

Hakuwa wangu. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja wa Sandton, kwa matajiri, aliyeniajiri nimfundishe. Waswahili tunasema cha mtu mavi, na hayo mavi yenyewe nilikuwa nikiyazoa kila asubuhi, lakini moyo hauna adabu. Nilimpenda.

Alikuwa mwoga wa hadeda, wale ndege wa Joburg wenye midomo mirefu, wanaoruka ghafla wakipiga kelele kama bawaba isiyojua mafuta. Akiwasikia tu, mbio. Kumpiga sikumpiga, na kumkazia hatamu ni kumthibitishia kwamba kweli kuna hatari. Nikawa namwambia kwa sauti nzito, inayotoka tumboni: "Taratibu, baba. Taratibu." Siku baada ya siku. Mwishowe sikio moja likaanza kugeuka nyuma, kunielekea. Mpanda farasi anaishi kwa sikio hilo. Likikugeukia, anakusikiliza, lisipogeuka, wewe ni mzigo tu.

Fundi cherehani Mkongomani, ambaye nimepanga uani kwake huko Bertrams, ndiye aliyenipunguzia koti la mashindano. Nikiwa nalijaribu nikamsimulia habari za farasi hadi akatoa pini mdomoni. "Mama, ule farasi atakuoa!" akasema.

"Aoe tu," nikamjibu, "ila mahari yake ni nyasi tupu." Tukacheka sana siku ile.

Kisha yule bibi akaniambia anahamia Australia kwa wanawe, na farasi atauzwa. Asipopatikana mnunuzi wa maana kabla hajaondoka, basi atamwacha mikononi mwangu. Eish! Nikaanza kuomba wanunuzi wote wapotelee kwenye foleni za magari.

Aliyekuja hakupotea. Alikuwa dada wa Kizulu, rika langu, na alipokaa tu kwenye tandiko nikaiona mikono yake: mitulivu, laini, mizuri kuliko yangu. Heri angekuwa mpuuzi. Bibi alikaa kwenye kiti chake kivulini, nami nikasimama kwenye uzio, mdomo nimeufunga. Farasi alikwenda, lakini amekakamaa, masikio yote mawili yananitafuta mimi.

Mara hadeda wakalipuka kwenye nyasi. Farasi akageuka ghafla, mguu wa yule dada ukachomoka kwenye kikuku cha tandiko, wakawa wanakuja mbio kuelekea uzio.

"Taratibu, baba!"

Sikufikiri, ilinitoka. Farasi akasimama palepale, akitetemeka.

Yule dada akavuta pumzi. "Umemwambia nini?" akaniuliza.

Akanitazama, akamtazama farasi, akalegeza hatamu ili ashuke. "Huyu hanitaki," akasema bila kinyongo. "Ana mtu wake."

Basi. Ningekaa kimya kidogo tu, angebaki kwangu. Nilimtaka, jamani, nilimtaka. Lakini nilimwona pale alipo: sikio moja kwangu, lingine kwa yule dada, mwili mzima jasho, hajui amtii nani. Na bibi akishafika huko Australia, akibadili mawazo, akamuuza kwa mtu nisiyemjua hata sura, nani atamtuliza siku hiyo?

"Usishuke," nikasema, kwa hasira ambayo yeye hakuistahili. "Mwambie: taratibu, baba. Ni kama kumwambia mtoto wako atulie. Sauti itoke tumboni."

Akajaribu. Farasi hata hakumjali.

"Unamwomba!" nikafoka. "Usimwombe, mweleze!"

Nikatoka pale uzioni, nikaenda kujificha nyuma ya gari la bibi, farasi asinione. Nikamsikia yule dada akisema tena, kwa sauti nzito zaidi. Nikachungulia kupitia vioo vya gari. Lile sikio likanitafuta uzioni, likanikosa. Kisha, kidogo kidogo, likageuka nyuma, likamwelekea yeye.

Wakaanza kutembea. Mgongo wa farasi ukalegea, shingo ikashuka. Yule dada alikuwa ameinua mikono kupita kiasi, na ulimi uliniwasha nimpigie kelele aishushe. Nikauziba mdomo wangu kwa viganja vyote viwili, nikalia bila sauti, maana farasi angenisikia, angegeuka.